Mlio Usiokuwamo Katika Baragumu

Mageni hakuzaliwa Busengwa. Alizaliwa Uzinza, karibu na ziwa, akaja upande wa Msalala akiwa kijana, baada ya kuchoka kupakia marobota ya pamba katika stesheni ya Shinyanga. Kilichomfanya abaki Busengwa ni Paskalia, binti wa mjane aliyeitwa Nyamizi. Kilichomfanya ajulikane ni mapafu yake.

Katika miaka ile kila kijiji kilikuwa na mwanangwa, yaani mkuu aliyekitawala kwa niaba ya mtemi, na kila mwanangwa alikuwa na mpiga mbiu. Mpiga mbiu wa Busengwa alipozeeka, mwanangwa Ngassa aliwaita vijana kadhaa nyumbani kwake, akawapa baragumu la pembe ya tandala walipulize mmoja baada ya mwingine. Wengine walitoa mlio wa ndama aliyekosa mama. Mageni alipopuliza, mbwa wa kijiji cha pili walibweka. Kazi akapewa yeye, Mzinza, na wenyeji walinung'unika kidogo tu, kwa kuwa masikio yao yenyewe ndiyo yaliyokuwa mashahidi.

Aliipenda kazi hiyo, akaifanya kwa unadhifu. Mlio mrefu wa kuvuta ulikuwa wa msaragambo, kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja. Mlio wa kupanda ulikuwa wa baraza. Mlio wa kushuka pole pole ulikuwa wa msiba. Na mlio mfupi mfupi, usiopumzika, ulikuwa wa yowe, ambalo Wasukuma huliita mwano: wezi wa ng'ombe wameingia, au simba, au moto. Mwano ukisikika, kila mwanamume huacha alichoshika, huchukua upinde au rungu na kukimbilia kule unakotoka. Asiyekwenda hutengwa, hata kaa la moto jirani hampi.

Kwa miaka yote hiyo Mageni hakuwahi kuona kwamba milio yake yote, ya furaha na ya huzuni, ilisema neno moja tu: njooni. Aliliona siku moja ya kiangazi, mwaka 1953.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amekaa uani kwa mwanangwa wakati kijana mmoja alipoingia na baiskeli, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Aliitwa Valerian. Alikuwa karani katika mgodi mdogo wa dhahabu uliokuwa kilimani, upande wa juu wa mto Mwakuba. Kiangazi kikikolea, mto huo ulikuwa kijito chembamba tu, lakini ndio uliowanywesha watu na ng'ombe wa Busengwa.

"Shikamoo, Mwanangwa."

"Marahaba. Kaa. Mpeni maji."

Valerian alipewa kata. Aliitazama, akaiweka chini. "Maji haya yametekwa wapi?"

"Mtoni. Tuna mahali pengine?"

"Yametekwa lini?"

"Jana."

"Basi haya labda ni mazuri," akasema Valerian, lakini hakuyanywa.

Ngassa aliitazama kata, kisha akamtazama mgeni. "Sema kilichokuleta."

"Ukuta wa bwawa letu la tope umepasuka. Yale maji tunayooshea mawe yameingia mtoni. Yana dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kutoa dhahabu kwenye mawe."

"Ya kuponya au ya kuua?"

"Bwana mkubwa amesema watu wasinywe, na mifugo isinywe."

"Sikukuuliza hivyo, mwanangu."

Valerian alijifuta uso. "Ya kuua, Mwanangwa."

"Yamefika hapa?"

"Sijui."

"Yatapita lini?"

"Hilo pia sijui."

"Tutayatambuaje? Yana rangi?"

"Kule juu yalikuwa ya kijivu. Hapa kwenu nimeyaona ni meupe kama siku zote. Labda hayajafika. Au labda yakifika huku yanabadilika. Sijui."

"Umesoma mpaka darasa gani?"

"La nane."

"Na hukuuliza?"

"Niliuliza, Mwanangwa. Nikaambiwa nipande baiskeli niende."

Alikuwa na vijiji vingine mbele yake. Alipokwisha kuondoka, Ngassa alimgeukia Mageni. "Baba Kalisti, nenda ukatangaze. Ila neno sumu usilitamke."

"Kwa nini, Mwanangwa?"

"Ukisema sumu, hakuna atakayeuliza ni ya nini. Watauliza ni ya nani. Na nyumba iliyo karibu na mto kuliko zote ni ya nani?"

Nyumba hiyo ilikuwa ya Mageni, na katika Busengwa nzima hakukuwa na Mzinza mwingine.

"Basi nitasema nini?"

"Sema maji yamekatazwa. Wakiuliza zaidi, sema ni amri. Lakini fanya upesi. Ng'ombe wanakaribia kushuka."

Mageni alitoka mbio na baragumu lake, na njiani ndipo fikra zake zilipoanza kugongana. Apige mlio gani? Wa baraza? Watu wangekuja uani kwa mwanangwa wakijikokota, wakisalimiana na kuulizana habari za watoto, na ng'ombe wangekuwa wameshakunywa. Wa msiba? Hakuna aliyekufa, na kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Wa msaragambo? Wangekuja na majembe. Jambo lilikuwa la hatari, na kwa hatari alikuwa na mlio mmoja tu. Tena mwano hupigwa pale penye hatari, si mbali nayo. Kwa hiyo alishuka mpaka kwenye kivuko cha Mwakuba, akasimama kando ya maji, akapuliza mwano kwa nguvu zake zote.

Walikuja. Walitoka mashambani na kwenye mazizi, wenye pinde na wenye marungu, wengine vifua wazi, wakikimbia chini ya jua kali lililokausha hata majani ya mikakaya. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yake Bartholomeo, mtu mfupi mwenye mdomo usiotulia.

"Wako wapi?"

"Nani?"

"Wezi, Baba Kalisti. Wako wapi wezi?"

"Hakuna wezi."

"Simba?"

"Hakuna simba."

Wanaume walizidi kufika. Waliangalia mto, wakaangalia vichaka, wakaangaliana. Walikuwa wanahema, na jasho lilikuwa linawatiririka mpaka viunoni. Hapo Mageni aliona alivyokosea. Alikuwa amewakusanya wanaume wa kijiji kizima, akawakimbiza juani mpaka koo zikakauka, akawasimamisha mbele ya maji yale yale aliyotumwa kuwakataza.

"Nisikilizeni," akasema. "Maji haya yamekatazwa."

"Na nani?"

"Na mgodi."

"Mgodi umeununua mto?" akauliza Bartholomeo, na watu wakacheka, maana bado walikuwa wanatafuta pumzi na kicheko kiliwasaidia.

"Ni amri tu. Msinywe."

"Nimetoka shambani kwangu nikikimbia kama swala, umeniitia adui. Adui mwenyewe ni kiu yangu?" Bartholomeo aliweka upinde chini, akapiga goti ukingoni.

Mageni alimshika bega akamvuta. Bartholomeo akaanguka chali. Kicheko kikanyamaza.

"Una nini wewe?"

"Usinywe."

"Niambie sababu nisinywe."

Mageni alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, fupi, na kila mtu angelielewa. Aliiona nyumba yake juu ya ukingo, moshi wa Paskalia ukipanda. Akafunga mdomo.

"Amelewa," mtu mmoja akasema.

"Hajalewa. Hawa wa ziwani ndivyo walivyo, wanapenda kuyalinda maji."

"Tumwondoe."

Na wakati huo huo ng'ombe wakatokea. Wachungaji walikuwa wameitikia mwano kama watu wengine, wakayaacha makundi peke yake. Na ng'ombe, ambao hawahitaji mtu wa kuwaambia saa ya kunywa, walikuwa wanashuka wenyewe kwa njia yao iliyozoeleka, kwa mwendo wa kutikisa vichwa. Mageni akawarukia na fimbo. Wanaume nao wakamrukia yeye, maana mtu anayempiga ng'ombe wako mbele ya maji lazima ana nia mbaya. Pakawa na vumbi, na makelele, na mtu akalikanyaga baragumu.

Kisha kelele zikakatika ghafla. Wanaume waliokuwa wamemshika Mageni walimwachia. Mmoja alijifunika uso kwa mkono, mwingine alijitupa nyuma ya kichaka. Bartholomeo alikimbia mpaka akaacha upinde.

Wanawake wazima walikuwa wanakuja. Ni desturi kwamba mwano ukipigwa, wanaume hutangulia, na wanawake wenye umri hufuata na vibuyu ili wapiganaji wapate maji. Kwa kawaida huviacha kando ya njia na kuondoka. Siku hiyo vibuyu vilikuwa vitupu, na wao walikuwa wanakuja kuvijaza mtoni. Njia ya kushukia kivukoni ilikuwa moja tu, na kila aliyekuwa katika safu ile alikuwa mama mkwe wa mtu fulani pale chini. Mwanamume wa Kisukuma hakutani na mama mkwe wake njiani. Hamtazami usoni, hamwiti kwa jina, hazungumzi naye ana kwa ana. Hupisha, na asipopata pa kupishia, hujificha.

Aliyetangulia alikuwa Nyamizi, mama yake Paskalia. Mageni alipoona tu ukingo wa kaniki yake alikuwa tayari amelala kifudifudi kwenye majani, na ndipo alipotambua alichokifanya. Wanaume wote walikuwa wamekimbia maji. Lakini wanawake hawakuambiwa neno. Wangejaza vibuyu. Wangekunywa wenyewe kwanza, kwa sababu nao walikuwa wametembea juani. Na yeye, mwenye sauti iliyobwekesha mbwa wa kijiji cha pili, hakuweza kumwambia mama mkwe wake hata neno moja.

Alisikia kibuyu kikigusa maji.

Karibu naye palikuwa na ng'ombe mwekundu, amesimama miguu ya mbele ikiwa matopeni. Mageni alimgeuzia Nyamizi mgongo, akapaza sauti.

"Wewe ng'ombe. Ungekuwa na akili ungeacha maji hayo."

Kule kivukoni sauti ya Nyamizi ikasema, kavu, ikielekea kwa ng'ombe yule yule: "Ng'ombe, kuna mtu anazungumza nawe. Muulize maji yana nini."

"Ng'ombe, yameingia kitu kutoka mgodini. Ukinywa, hutaona jioni."

"Muulize kama ameona kwa macho yake."

"Sikuona. Nimeambiwa. Aliyeniambia naye ameambiwa."

"Muulize kama ni maji yote, au ya hapa tu."

"Sijui, ng'ombe."

"Muulize mpaka lini."

"Hilo pia sijui."

"Ng'ombe huyu hana bahati," akasema Nyamizi. "Amepata mwalimu asiyejua kitu." Wanawake wengine wakacheka, lakini Mageni alisikia vibuyu vikimwagwa, kimoja baada ya kingine. Kisha akasikia tena sauti ya mama mkwe wake, sasa ikiwaelekea wenzake: "Mtu hamwaibishi mkwe wake mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya mzaha. Kaeni hapa njiani."

Wakakaa. Walinyoosha miguu katikati ya njia ya kivukoni, na njia ikafungika. Wanaume walipiga kelele kutoka vichakani kwamba waachiwe wachukue ng'ombe wao, lakini hakuna aliyetokeza hata pua. Ng'ombe walifukuzwa na wanawake hao wenyewe, kwa khanga na kwa matusi. Wachache, akiwemo yule mwekundu, walikuwa wameshatumbukiza midomo.

Yule mwekundu hakufika zizini. Alitetemeka, akapiga magoti, akaanguka ubavu, akiwa mbele ya macho ya watu wote. Wawili wengine walimfuata. Na baada ya hapo neno ambalo Mageni alikatazwa kulisema lilisemwa na kila mtu. Kama Ngassa alivyotabiri, waliuliza ni ya nani. Walitazama nyumba ya ukingoni. Ila walikuwa wamemwona mwenye nyumba hiyo akipigwa kwa kuyakinga maji, na mambo hayo mawili hayakukaa pamoja vichwani mwao. Wengine walisema ndiyo dalili yenyewe, amejuaje kama si yeye? Wengine walisema mchawi gani huwazuia watu kunywa uchawi wake? Mabishano hayo hayakupata mshindi.

Wanawake waliendelea kukaa kivukoni kwa zamu, wakisokota kamba na kusimuliana habari. Maji ya kunywa yaliletwa kutoka kisima cha mbali, karibu na barabara ya Bugarama, na yalikuwa machache na machungu. Watoto walilia. Ng'ombe walikonda. Paskalia alitoka alfajiri na kurudi jua likiwa kali, na hakulalamika, jambo lililomtia Mageni wasiwasi zaidi.

Kisha Valerian akarudi na baiskeli yake. "Maji yamekuwa mazuri," akasema. "Watu wanaweza kunywa."

Ngassa alishusha pumzi. "Baba Kalisti, umesikia. Piga baraza, uwaambie."

Mageni hakuinuka. "Bwana karani, nani amesema yamekuwa mazuri?"

"Bwana mkubwa. Ukuta umezibwa, na wameyapima."

"Uliwaona wakipima?"

"Niliona chupa."

"Twende basi kivukoni, wewe na mimi. Tunywe."

Valerian alishika mpini wa baiskeli. Hakuwa kijana mbaya. Uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amejiuliza swali hilo njia nzima. "Mimi nina chai yangu kwenye chupa," akasema taratibu. "Nimeambiwa niseme ni mazuri. Huenda ni kweli. Pengine ni kweli kabisa."

"Lakini hunywi."

"Leo hapana."

Alipoondoka, Ngassa alisema kwa sauti ya chini, "Sikiliza. Watu wamechoka. Waambie ni mazuri, mambo yaishe. Ukileta maneno mengine nitatafuta mtu mwingine wa kupuliza pembe hiyo."

Mageni alipiga mlio wa baraza. Baragumu lilikuwa na ufa tangu siku ya vurugu, na mlio ulitoka ukikwaruza, lakini watu walikuja, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Alisimama akijua kabisa watu wanachotaka kusikia. Akisema ni mazuri na yasiwe, watoto wangekufa kwa neno lake. Akisema ni mabaya na yasiwe, watoto wale wale wangezidi kukauka kwa neno lake. Alitafuta kichwani mwake tangazo la tatu, asilipate. Akabaki na yale tu aliyoyasikia.

"Karani amekuja," akasema. "Amesema mgodi unasema maji ni mazuri. Nikamwambia anywe, akakataa. Amesema huenda ni kweli. Mimi sijui. Mwanangwa naye hajui. Ni hayo tu."

Watu walingoja aendelee.

"Hilo ni tangazo gani?" akauliza Ngassa.

"Ndilo nililo nalo, Mwanangwa."

"Sasa tunywe au tusinywe?" mtu akapaza sauti.

"Mimi na nyumba yangu tutakwenda kisimani. Ng'ombe wangu mmoja mzee nitampeleka mtoni, nimtazame. Kesho nitawaambia nilichokiona."

Palikuwa na manung'uniko mengi. Wengine walisema mpiga mbiu gani huyu anayetangaza ujinga wake. Wengine walichukua vibuyu na kwenda kisimani bila kusema lolote, na Nyamizi alikuwa mmoja wao. Wengine, waliochoka na mwendo, walikwenda mtoni. Ngassa aliingia ndani. Baragumu hakulidai, na hakusema kwamba hatalidai.

Asubuhi yake Mageni alikuwa amechuchumaa mbele ya ng'ombe wake mzee, ambaye alikuwa amekunywa maji ya mto na sasa alikuwa anacheua, alipomwona Bartholomeo akija, mikono nyuma, anatembea kwa madaha.

"Mwangaluka, Baba Kalisti."

"Mwangaluka."

"Nimekunywa. Jana jioni, kibuyu kizima. Na leo tena nimekunywa." Alitandaza mikono. "Haya, nitazame. Nimekufa?"

Mageni alimtazama. Alitazama macho yake, kisha ufizi, kama alivyokuwa amemtazama ng'ombe. Hakuona kitu. Hakujua kama alipaswa kuona kitu.

"Bado," akasema, akasogea kumpa nafasi kwenye kigogo. "Kaa hapa kidogo, niwatazame wote wawili."

Bartholomeo alicheka. Kisha akaacha kucheka, akakaa.